Kabla hujapindua mawe ya tangi lako la samaki wa bahari

Jamaa yangu mmoja hapa Mombasa aliamka Jumapili asubuhi, akalitazama tangi lake la samaki na lisimpendeze. Mawe yalikuwa yamerundikana upande mmoja kama kifusi, nyuma yake pamejaa taka, na samaki wake wawili walikuwa wakigombania pango moja kutwa kucha. Akaamua kupanga upya. Akayatoa mawe yote, akayapeleka uani, akayasugua kwa brashi chini ya mfereji mpaka yakang'aa. Kisha akauvuruga mchanga ili autoe uchafu wake. Kufikia alasiri tangi lilikuwa limependeza kweli kweli, na picha yake tukatumiwa sote kwenye simu.

Magharibi samaki walianza kupanda juu ya maji wakihema. Jumatatu alfajiri wanne walikuwa wamekufa. Jumanne jioni alikuwa amebakiwa na mmoja tu, kile kisamaki cha buluu ambacho hata hakukinunua kwa hamu. Aliponipigia simu alikuwa na swali moja: "Mimi nimesafisha tu. Kosa langu ni lipi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Matangi ya maji ya chumvi yapo majumbani kwetu, mahotelini na hata madukani, na wenye nayo wengi hujifunza kwa hasara. Kupanga upya mawe ni kazi ya kawaida na wakati mwingine ni ya lazima. Lakini mawe yale si fanicha ya sebuleni. Ni nyumba zenye wakazi ndani yake, na ukizihamisha usipowajali wakazi, tangi zima huingia matanga.

Jiwe lina kazi gani?

Samaki akila, hutoa uchafu, na uchafu huo pamoja na chakula kilichobaki hugeuka amonia. Amonia ni sumu, na katika maji ya bahari ukali wake huzidi kuliko katika maji ya mto, kwa sababu maji ya bahari si ya asidi. pH yake ni kama 8.1 hadi 8.3. Joto nalo huuzidisha ukali huo. Sisi wa pwani tuna vyote viwili, chumvi na joto.

Baharini amonia huzimuliwa na wingi wa maji. Ndani ya tangi la lita 200 haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki ni bakteria. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ina madhara, na kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huweza kuistahimili ikiwa si nyingi. Bakteria hawa hawaelei tu ndani ya maji. Hushika juu ya vitu: mchangani, kwenye chujio, na zaidi ya yote kwenye mawe. Jiwe la chokaa lenye matundu matundu lina nafasi kubwa mno ya kuwahifadhi, ndani na nje. Ndiyo maana tangi jipya huachwa wiki nne hadi sita kabla ya kujazwa samaki; muda huo ndio bakteria wanaojenga mji wao.

Mbali na bakteria, jiwe lililokaa majini muda mrefu huwa na viumbe wengine tele: sponji, minyoo, kaa wadogo, konokono na mwani. Hao wote hawayawezi maji baridi yasiyo na chumvi. Ukilipitisha jiwe chini ya mfereji, unawaua. Na ukishalirudisha tangini, unarudisha mizoga mamia iliyojificha ndani ya matundu. Inaoza, inatoa amonia, na bakteria ambao wangeifanyia kazi amonia hiyo umewadhoofisha kwa maji yale yale, pamoja na dawa ya klorini iliyomo.

Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza la jamaa yangu. La pili lilikuwa mchangani.

Harufu ya matope ya mikoko

Kila aliyewahi kutembea kwenye mikoko wakati maji yamekupwa anaijua ile harufu ya yai bovu inayotoka mguu ukizama kwenye tope. Ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Hutengenezwa mahali penye uchafu unaooza pasipofikiwa na oksijeni. Mchanga wa tangi ukiwa mzito, na hasa ule uliokandamizwa chini ya jiwe kwa miaka, unaweza kuwa na gesi hiyo hiyo. Ishara yake ni mabaka meusi ambayo huonekana kwenye kioo chini ya usawa wa mchanga.

Ikiachwa ilipo, haimdhuru mtu. Ukiufukua mchanga wote kwa siku moja, unaitoa gesi pamoja na taka zote zilizolala humo, na samaki hawana pa kukimbilia. Oksijeni nayo hupungua, kwa kuwa taka zile zikianza kuoza majini huimeza. Hapo ndipo utawaona wamepanda juu wakihema.

Kwa hiyo tulishike hili: jiwe kuhamishwa si tatizo. Likibaki limelowa maji ya bahari, bakteria wake huhama nalo salama. Yanayoua ni kulikausha, kuliosha kwa maji baridi, kulisugua hadi liwe uchi, na kuufukua mchanga wote kwa mkupuo mmoja.

Sababu za kupanga upya

Kama mawe yamekaa imara, maji yanapita na samaki wametulia, yaache. Kuchoka kuyatazama si sababu ya kutosha. Lakini zipo sababu za haki.

Ya kwanza ni usalama. Jiwe linalotikisika ukiligusa kwa kidole litaanguka siku moja, na likikipiga kioo, lita 200 za maji ya chumvi zitamwagika sebuleni. Kamba na samaki wachimbaji hufukua mchanga chini ya mawe, mkunga hujipenyeza kwa nguvu, na kikande huyabeba mawe madogo kwa mdomo akayapanga apendavyo yeye. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga mtupu halina msingi.

Ya pili ni maji kutopita. Mawe yakiegeshwa kwenye kioo cha nyuma kama ukuta, taka hukusanyika nyuma yake, na mwani hupata pa kuanzia.

Ya tatu ni ugomvi. Samaki wa mwambani hujiwekea mipaka. Kangaja aliyetangulia humpiga kila mgeni kwa ule wembe wake wa mkiani. Ukiyabadilisha mawe siku ile ile unapomwingiza mgeni, mwenyeji naye hupoteza mipaka yake, wote wanakuwa wageni, na mara nyingi vita hupungua.

Ya nne ni matumbawe, kwa wale wanaoyafuga kwa njia za halali. Yanakua, yanazibana, na mengine yana mikono ya kuumia ambayo huitoa usiku na kuwachoma jirani. Galaxea, tumbawe ambalo lipo hata kwenye miamba yetu, hufikisha mikono yake mbali kuliko mtu anavyodhani. Liachie nafasi pana pande zote.

Kwanza watu, kisha samaki

Yapo mambo matatu ya kuwalinda walio nyumbani kabla ya kulowesha mkono.

La kwanza ni stima. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kabisa. Chomoa taa, pampu na kila kitu kinachoingia majini. Usitosheke na kuzima swichi. Ukiwa na hita, ichomoe mapema ipoe, kwa sababu ikibaki na moto halafu maji yakashuka, kioo chake hupasuka. Pampu ya hewa iliyo nje ya tangi unaweza kuiacha ifanye kazi kwenye ndoo walimo samaki, mradi iwe juu ya usawa wa maji.

La pili ni vidonda. Kuna bakteria wa majini ambao huingia kwenye mkato mdogo wa ngozi na kuleta uvimbe usiopona kwa wiki nyingi, na dawa za kawaida za vidonda mara nyingi haziwafai. Ukiwa na jeraha mkononi, ahirisha kazi au vaa glavu ndefu. Baadaye oga mikono kwa sabuni. Ukipata uvimbe usiopona, mwambie daktari kwamba wewe hufuga samaki. Bila neno hilo anaweza kuhangaika na ugonjwa mwingine kabisa.

La tatu ndilo ambalo wengi hawalijui, nalo ni zito. Juu ya mawe kuna viumbe laini wanaofanana na vifungo vya shati vilivyoshonwa pamoja, kila kifungo kina kijimdomo katikati na vinyuzi pembezoni. Kitaalamu jamii yao ni zoantidi, na baadhi yao, hasa Palythoa, hubeba sumu iitwayo palitoksini. Wanasayansi waliitenga sumu hiyo huko Hawaii na kuitangaza mwaka 1971, na ni miongoni mwa sumu kali sana zinazojulikana kutoka kwa viumbe. Zimeandikwa kesi katika nchi kadhaa za watu wa nyumba moja kulazwa hospitalini kwa pamoja, baada ya mmoja wao kulichemsha jiwe la tangi au kulisugua kwa maji moto. Mvuke uliibeba sumu ikaenea nyumba nzima.

Basi sheria ni moja: jiwe la tangi halichemshwi, halimwagiwi maji moto, na halisuguliwi kavu. Ukiona vile vifungo, vaa glavu na miwani ya kukinga macho, usivikwangue, wala usilitoe jiwe majini kwa muda mrefu. Watoto wakae mbali na madirisha yawe wazi. Mtu akipata ladha chungu mdomoni, homa, kifua kubana, misuli kuuma au macho kuwaka baada ya kazi hii, apelekwe hospitali mara moja na daktari aelezwe kisa chote.

Maandalizi ya siku mbili

Kazi yenyewe huchukua saa mbili au tatu. Maandalizi huanza mapema.

Tayarisha maji. Uwe na maji mapya ya kutosha robo ya tangi, yaani lita 50 kwa tangi la lita 200, na vilevile ndoo mbili tatu tupu ambazo hazijawahi kutiwa sabuni. Wanaochota baharini wachote maji yakiwa yamejaa, mbali na vijito na mitaro ya majitaka, na wasichote baada ya mvua kubwa. Kaskazini, Mto Sabaki ukifurika huyafanya maji ya Malindi kuwa mekundu, na wakati huo si wa kuchota. Wanaochanganya chumvi ya dukani waichanganye siku moja kabla. Kwa vyovyote, pima chumvi na joto. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa kilo, na maji mapya yasiachane na ya tangini kwa zaidi ya digrii moja mbili za joto.

Piga picha. Lipige tangi picha kwa simu kutoka mbele na pande zote mbili. Utazihitaji.

Chora. Jua jiwe gani litakwenda wapi kabla hujaligusa. Anayepanga na kupangua mara kumi mkono ukiwa majini ndiye anayevuruga zaidi.

Chagua saa. Anza asubuhi ili uwe na mchana mzima wa kuwaangalia samaki. Usianze jioni, wala usianze siku ambayo mtaani kwenu stima imekuwa ikikatika. Na miezi ya joto kama Machi, fanya kazi mapema kabla jua halijapanda, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

Usiwalishe samaki asubuhi hiyo. Tumbo likiwa tupu, uchafu nao ni mdogo.

Kazi yenyewe

Anza kwa kuhamishia maji ya tangi kwenye ndoo. Haya ni maji safi ya tangi lenyewe kabla hayajavurugwa. Ndiyo yatakayohifadhi mawe na samaki. Jiwe la kilo 5 huchukua nafasi ya karibu lita mbili za maji, kwa hiyo usipopunguza maji kwanza, mkono wako na mawe vikizunguka humo maji yatafurika nje.

Toa jiwe moja moja. Kabla hujalitoa nje, litikise taratibu chini ya maji na ulisubiri kidogo. Samaki wadogo hukimbilia kwenye matundu na hubebwa ndani ya jiwe bila mtu kujua. Wengi hupatikana wamekauka sakafuni kesho yake. Lichunguze kila tundu, kisha lihamishie moja kwa moja kwenye ndoo yenye maji ya tangi. Lisikae hewani. Sponji hasa huumia vibaya hewa ikiingia ndani ya vinyweleo vyake.

Hapa ndipo ujuzi wa wazee wetu wa bahari unapofaa. Wanaokwenda kutafuta pweza mwambani wakati wa bamvua hufundishwa tangu utotoni: jiwe ukilipindua, lirudishe lilivyokuwa. Viumbe wa upande wa chini ni wa kivulini, jua huwaua. Wa upande wa juu wanataka mwanga, wakifunikwa wanakufa. Jiwe moja lililoachwa chali ni nyumba mbili zilizobomolewa. Tangini ni vivyo hivyo. Uso uliokuwa juu ubaki juu, uliokuwa chini ubaki chini. Ukibadilisha mahali pa jiwe, usibadilishe uso wake ila kwa sababu kubwa.

Ikiwa jiwe lina taka, lisukesuke ndani ya ndoo ya maji ya bahari, halafu maji hayo uyamwage. Hiyo inatosha. Mwani mrefu ung'oe kwa mkono uliovaa glavu.

Mchanga uache. Kama ni lazima uondoe taka, nyonya kwa mpira sehemu moja ndogo na kuyatoa maji yake nje kabisa, usiyaache yarudi. Sehemu nyingine ingoje wiki mbili. Mahali palipokuwa chini ya jiwe la miaka mingi, papunguze taratibu, na ukisikia harufu ya yai bovu acha kuchimba na ubadilishe maji zaidi.

Je, uhamishe mawe yote kwa siku moja? Kwa tangi lenye samaki wengi, mimi hushauri theluthi moja kwa mara moja, na kupumzika wiki mbili katikati. Inachosha, lakini kosa likitokea linakuwa theluthi ya kosa. Bandu bandu huisha gogo.

Kujenga kusikoanguka

Tangi la lita 200 likijaa lina maji ya zaidi ya kilo 200 bila kuhesabu mawe, mchanga na kioo chenyewe. Uzito wa mawe usiangukie ncha moja. Jiwe la chini kabisa likae kwenye sakafu ya tangi, si juu ya mchanga, na chini yake pawe na kipande cha plastiki ngumu yenye matundu ili ncha ya jiwe isikikwaruze kioo. Mchanga uzungushiwe baadaye. Hapo kamba achimbe atakavyo, msingi hautikisiki.

Kumbuka pia kwamba maji hubeba. Jiwe la kilo 5 likiwa majini mkono huliona kama kilo 3. Mnara uliosimama kwa taabu majini unaweza kuporomoka siku utakapopunguza maji ya kusafisha. Kwa hiyo jenga mnara ambao ungesimama hata nchi kavu. Kila jiwe likae juu ya ncha tatu angalau, kubwa chini, jepesi juu. Lisukume kwa kidole. Likitikisika, lizungushe utafute pa kukaa. Palipo na shaka tumia gundi ya epoksi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki, wala si gundi yoyote ya dukani.

Acha nafasi ya mkono mzima, kama sentimita 8 hadi 10, kati ya mawe na kioo, pande zote. Hapo utaweza kusafisha kioo, na maji yatazunguka mpaka nyuma. Acha na mapango: la kuingilia na la kutokea, kwa kuwa pango la mlango mmoja ni mtego, samaki mkubwa akisimama mlangoni mdogo hana njia. Idadi ya mapango izidi idadi ya samaki. Ugomvi mwingi ni wa nyumba.

Matumbawe laini au magumu yarudi kwenye usawa ule ule wa mwanga, na hapa ndipo picha za simu zinapofaa. Ndani ya tumbawe mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hulilisha kwa nguvu za mwanga. Mwanga au joto likizidi ghafla, mwani ule hutoka na tumbawe hubaki jeupe. Pwani yetu iliyaona haya kwa ukubwa mwaka 1998, joto la bahari lilipopanda na sehemu kubwa ya matumbawe yetu yakageuka meupe na kufa. Kilichotokea kwenye mwamba mzima kinaweza kutokea kwenye meza yako kwa kosa la kulipandisha tumbawe sentimita 20 karibu na taa. Ukilazimika kulipandisha, punguza saa za taa kisha uziongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Wiki inayofuata

Ukimaliza, jaza maji mapya polepole, washa pampu kwanza, na taa uziache zimezimwa hadi kesho. Giza huwatuliza samaki, nao hupata usiku mmoja wa kutafuta makao bila kupigana. Maji yatakuwa na ukungu. Yakitulia ndani ya siku moja, usiwe na wasiwasi.

Pima amonia jioni ile ile, kisha kila siku kwa siku saba. Kipimo kinachotakiwa ni sifuri. Kikipanda, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo, ongeza hewa, na usilishe. Samaki mzima anaweza kukaa siku mbili tatu bila chakula. Hawezi kukaa siku moja kwenye amonia. Siku ya tatu anza kulisha nusu ya kiasi cha kawaida. Taka zitakazoonekana juu ya mchanga zinyonye kila siku, kwa kuwa kazi uliyofanya huendelea kuzitoa mafichoni kwa muda.

Mawe yatoke wapi?

Nimeacha swali hili mwisho kwa sababu linatuhusu hata tusiofuga samaki. Anayepanga upya mara nyingi huona mawe yake ni machache, na mwenye bahari nje ya mlango hushawishika kwenda kuokota mwambani. Asifanye hivyo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968 na ya Mombasa tangu 1986, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na ndani yake hairuhusiwi kuchukua chochote, si tumbawe, si kombe. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo hayavuki mpaka bila vibali, hata kipande kilichomo ndani ya begi. Na hata nje ya hifadhi, jiwe lile unaloliona limekaa bure ni mahali pa pweza kutaga na pa watoto wa changu kujificha. Mvuvi anayelala njaa kwa sababu mwamba umekuwa mtupu ni jirani yetu.

Habari njema ni kwamba sisi tunakaa juu ya mwamba. Kisiwa cha Mombasa chenyewe ni tumbawe la kale lililoachwa juu bahari iliposhuka. Nyumba za Mji wa Kale, za Lamu na magofu ya Gede zimejengwa kwa mawe hayo hayo. Jiwe la chokaa kutoka timbo la nchi kavu ni la jamii moja na lile la baharini, ila halina uhai. Chagua lisilo na vumbi la saruji, mafuta wala rangi. Hili halina wakazi, kwa hiyo lisugue kwa maji baridi upendavyo, lianike juani siku kadhaa, kisha lilaze ndani ya ndoo ya maji ya bahari wiki tatu nne ukibadilisha maji. Likiingia tangini karibu na jiwe la zamani, bakteria watahamia wenyewe. Baada ya miezi kadhaa huwezi kulitofautisha na mengine.

Jamaa yangu alifanya hivyo. Alianza upya na mawe ya timbo manane, akaingoja miezi miwili tangi likiwa na kile kisamaki chake kimoja cha buluu. Majuzi aliniita nikalione. Kona ya kulia kuna jiwe ambalo halimpendezi, anataka kulisogeza. Nikamuuliza atalisogeza lini. Akasema maji ya kubadilishia ameshayachota, amonia ameshaipima, na picha ameshapiga. Anangoja Jumamosi asubuhi, kama stima itakuwapo.